William Friedman: Mtoto wa wakimbizi aliyesubiri hataza yake miaka 67

Agosti 1, 2000, Ofisi ya Hataza ya Marekani ilitoa hataza namba 6,097,812. Kwa mtu asiyejua, hiyo ilikuwa karatasi moja kati ya maelfu yanayotolewa na ofisi hiyo kila wiki. Jambo la ajabu lilikuwa tarehe ya maombi. Maombi hayo yalikuwa yamepokelewa Julai 25, 1933. Yalikaa serikalini miaka 67, na mwenyewe aliyeyaandika, William Friedman, alikuwa kaburini karibu miaka 31.

Hataza ni cheti anachopewa mvumbuzi ili mtu mwingine asitengeneze wala kuuza alichobuni bila ruhusa yake kwa muda uliowekwa na sheria. Kwa kawaida cheti hicho huchukua miaka michache kupatikana. Kwa nini basi cha Friedman kilichukua umri mzima wa mtu? Jibu limo katika kile alichokibuni. Ilikuwa ni njia ya kuiendesha mashine ya maandishi ya siri kwa namba zisizo na mpangilio wowote, namba ambazo adui hawezi kuzikisia hata akikaa na karatasi na kalamu mwaka mzima.

Huenda msomaji akajiuliza mambo hayo yanamhusu nini mtu anayevuka mpaka na gunia la maharage. Yanamhusu sana. Kila unapotuma fedha kwa simu au kuingiza kadi kwenye mashine ya benki, kuna namba za namna hiyo zinazofanya kazi bila wewe kuziona. Zikiwa dhaifu, fedha yako haina mlinzi. Friedman ni mmoja wa watu wa kwanza duniani kulielewa jambo hilo hadi kwenye mizizi yake.

Kutoka Kishinev hadi Pittsburgh

Alizaliwa Septemba 24, 1891, katika mji wa Kishinev, ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi. Leo mji huo unaitwa Chișinău na ndio mji mkuu wa Moldova. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina walilompa lilikuwa Wolf. Baba yake alikuwa mjuzi wa lugha, akifanya kazi ya kutafsiri katika posta ya Urusi.

Maisha ya Wayahudi katika himaya hiyo yalikuwa ya mashaka. Sheria ziliwapangia mahali pa kuishi na kazi za kufanya, na mara kwa mara makundi ya watu yaliwavamia, yakachoma nyumba na maduka yao. Mwaka 1892, mtoto akiwa bado wa kubebwa mgongoni, familia ilianza safari ya kuhama. Hawakukosea kuondoka. Mwaka 1903 Wayahudi 49 waliuawa katika mji huohuo wa Kishinev kwa siku chache tu.

Familia ilifikia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma nchini Marekani. Huko elimu ya baba haikumsaidia kitu. Mtu aliyekuwa mkalimani akageuka kuwa mchuuzi wa cherehani za Singer, akibisha hodi mlango kwa mlango. Wasomaji waliowahi kuishi ugenini wanaijua hali hiyo: cheti ulichonacho hakisomeki, unaanza upya na kazi unayoipata. Mtoto naye alibadilishwa jina. Wolf akawa William.

William alisoma kwa bidii na hatimaye akaingia Chuo Kikuu cha Cornell, ambako alisomea elimu ya urithi wa mimea na viumbe. Alimaliza shahada yake mwaka 1914. Hakuna aliyefikiri kwamba kijana huyo wa mbegu angekuja kuwa bingwa wa mafumbo ya siri.

Shamba la tajiri Fabyan

Mwaka 1915 tajiri mmoja wa biashara ya nguo, George Fabyan, alikuwa akitafuta mtaalamu wa mbegu. Fabyan alikuwa na eneo kubwa huko Geneva, jimbo la Illinois, aliloliita Riverbank. Alipenda majaribio ya kila aina, mengine ya maana na mengine ya kuchekesha. Alimwajiri Friedman aboreshe mazao, na moja ya majaribio yenyewe lilikuwa kupanda nafaka kwa kufuata mwezi.

Riverbank kulikuwa pia na mama mmoja msomi, Elizabeth Wells Gallup, aliyeamini kwamba tamthilia za Shakespeare ziliandikwa na Francis Bacon, na kwamba Bacon alificha ujumbe ndani ya herufi zilizochapwa katika vitabu vya kale. Friedman alikuwa hodari wa kupiga picha, kwa hiyo akaombwa kuzikuza kurasa za vitabu hivyo ili herufi zionekane vizuri. Hapo ndipo alipoanza kuvutiwa na maandishi ya siri.

Hapo pia ndipo alipompata mke. Elizebeth Smith, binti kutoka Indiana, alifika Riverbank mwaka 1916 kumsaidia mama Gallup. Vijana hao wawili waliyachunguza madai ya mama huyo wakaona hayana msingi. Miaka mingi baadaye, mwaka 1957, walitoa kitabu cha pamoja kuonyesha kwa nini. Walifunga ndoa Mei 1917.

Mwezi mmoja kabla ya harusi, Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Kuu ya Kwanza, na haikuwa na ofisi ya maana ya kufumbua barua za adui. Fabyan akajitolea. Ghafla shamba la mbegu likageuka kuwa chuo cha maandishi ya siri, na maofisa wa jeshi wakaletwa kufundishwa na William na Elizebeth.

Kazi moja iliyowapa jina ilihusu Wahindi waliokuwa Marekani wakitafuta silaha, kwa fedha za Ujerumani, ili kuung'oa utawala wa Uingereza nchini India. Barua zao ziliandikwa kwa namba zilizoelekeza kwenye kurasa na mistari ya vitabu. Friedman alizifumbua, kisha akatoa ushahidi katika kesi yao mjini San Francisco. Kesi hiyo iliisha kwa damu Aprili 1918, pale mshtakiwa mmoja alipompiga risasi mwenzake ndani ya chumba cha mahakama.

Kisa kingine kilitoka kwa Waingereza. Walikuwa na chombo kipya cha maandishi ya siri ambacho waliamini hakifumbuliki. Wamarekani walimpelekea Friedman barua tano fupi zilizoandikwa kwa chombo hicho. Aligundua neno moja la ufunguo, likabaki la pili. Akamwomba mkewe aliyekuwa akifanya kazi pembeni afumbe macho na kutaja neno la kwanza litakalomjia akilini baada ya kusikia lile la kwanza. Elizebeth akalitaja, na ndilo lililokuwa. Barua zote tano zikasomeka.

Tusiuchukulie mkasa huo kama uganga. Una somo zito. Mtu aliyechagua ufunguo alichagua maneno mawili yanayokwenda pamoja, kwa kuwa akili ya binadamu ndivyo inavyofanya kazi. Tukiambiwa tuchague namba ya siri, tunachukua mwaka wa kuzaliwa au namba zinazofuatana. Tunadhani tumejificha, kumbe tumeacha mlango wazi.

Utepe wenye matundu

Katika miaka hiyohiyo, mhandisi wa kampuni ya simu ya AT&T, Gilbert Vernam, alibuni njia mpya. Ujumbe wa telegrafu ulikuwa ukiandikwa kwa matundu kwenye utepe wa karatasi. Vernam akaongeza utepe wa pili, wa ufunguo. Mashine ilichanganya matundu ya tepe hizo mbili na kutoa maandishi yasiyosomeka. Mpokeaji mwenye utepe uleule wa ufunguo aliyarudisha maandishi kama yalivyokuwa. Vernam aliomba hataza Septemba 13, 1918, akaipata Julai 22, 1919. Haikuchukua hata mwaka.

Tatizo lilikuwa urefu wa utepe wa ufunguo. Ukiwa mfupi, unajirudia. Wahandisi wakatumia tepe mbili za ufunguo kwa pamoja, moja yenye alama 1,000 na nyingine 999. Zikizunguka pamoja, mchanganyiko haujirudii hadi alama 999,000 zipite. Walidhani hapo wamemaliza kazi.

Friedman aliletewa barua zilizoandikwa kwa njia hiyo, naye akazifumbua. Alionyesha kwamba mchanganyiko mrefu uliotokana na vitu viwili vifupi bado unabeba alama za vile vifupi. Ofisa wa jeshi Joseph Mauborgne alikuwa ameshafikia hitimisho ambalo halijatenguliwa hadi leo: ufunguo uwe mrefu kama ujumbe wenyewe, usiwe na mpangilio wowote, na utumike mara moja tu kisha uharibiwe. Mwanahisabati Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu, katika maandiko yaliyochapishwa mwaka 1949, kwamba ufunguo wa namna hiyo haufumbuliki kabisa.

Hebu fikiria mfano wa mfanyabiashara mwenye ghala la kufuli la namba, ambaye kila asubuhi hubadili namba kwa kuongeza moja. Mwizi akichungulia siku tatu, siku ya nne anafungua mwenyewe. Kubadilisha namba kila siku hakumsaidii mwenye ghala iwapo mwizi anaweza kujua ya kesho kwa kuitazama ya leo.

Kasoro ya Hebern

Mwaka 1921 Friedman na mkewe walihamia Washington, William akiwa mwajiriwa wa jeshi. Elizebeth naye alikuja kufanya kazi ya serikali. Wakati pombe ilipopigwa marufuku Marekani, wafanya magendo waliitumia redio kupanga meli zao kwa lugha ya mafumbo. Mama huyo ndiye aliyekuwa akizisoma barua zao na kuzipeleka mahakamani.

Katikati ya miaka ya 1920 jeshi la majini lilikuwa karibu kununua mashine ya mvumbuzi Edward Hebern wa California. Ilikuwa na magurudumu matano yenye nyaya ndani. Kila herufi iliyopigwa ilipita kwenye magurudumu ikageuka herufi nyingine, na magurudumu yalisogea ili herufi inayofuata igeuke kwa namna tofauti. Friedman aliomba barua kumi za majaribio. Alikaa nazo wiki kadhaa, akachoka, akaanza tena. Mwishowe akazivunja zote.

Siri ilikuwa katika mwendo wa magurudumu. La kwanza lilisogea kila herufi, na mengine yalifuata kwa mpangilio kama wa mita ya gari inayohesabu kilometa. Mpangilio huo ndio uliomsaliti Hebern. Friedman akaona kwamba magurudumu yenyewe hayakuwa mabaya, bali yalihitaji kusogezwa ovyo, bila utaratibu unaokisika.

Mwaka 1930 jeshi lilimkabidhi kitengo kipya cha ujasusi wa mawasiliano. Aliajiri vijana wa hisabati, wakiwamo Frank Rowlett, Abraham Sinkov na Solomon Kullback. Miaka mitatu baadaye aliandika maombi yale ya hataza. Ndani yake alieleza mashine ambayo magurudumu yake yanasogezwa na utepe wa nje wenye matundu yasiyo na mpangilio. Tundu likiwapo gurudumu linasogea, lisipokuwapo linabaki pale lilipo. Hakuna mita ya kuhesabu tena.

Mkaguzi na mtu wa siri

Hapa inafaa tueleze kazi ya mkaguzi wa hataza, kwani ndipo maisha ya Friedman yalipokwama. Mkaguzi anapopokea maombi huuliza maswali manne. Je, jambo hili ni jipya, au lilikwisha kuandikwa mahali fulani? Je, lina manufaa? Je, ni jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angelifikia bila kuumiza kichwa? Na je, limeelezwa vya kutosha ili fundi mwingine aweze kulitengeneza kwa kusoma maelezo hayo?

Swali la mwisho ndilo moyo wa mapatano yote. Mvumbuzi anaiambia dunia siri yake, na dunia inamlipa kwa kumwachia biashara hiyo peke yake kwa miaka kadhaa. Asiyetaka kueleza hapewi.

Sasa mtu aliyebuni mashine ya siri za jeshi afanyeje? Akinyamaza, hana haki yoyote, na kesho mwingine anaweza kuja na wazo lilelile akadai ni lake. Akieleza, Japani na Ujerumani watalisoma katika gazeti la ofisi ya hataza kwa senti chache. Njia iliyopatikana ilikuwa ya katikati. Maombi yalipokelewa, tarehe ikaandikwa, lakini cheti hakikutolewa. Jalada liliwekwa mahali pa siri, na mwenye maombi akakatazwa kusema. Mwaka 1951 Marekani ilitunga sheria maalumu ya siri za uvumbuzi inayosimamia mambo hayo hadi leo.

Friedman alipeleka maombi mengine ya namna hiyo. Moja la mwaka 1936 nalo lilikuja kutolewa mwaka 2000. Mtu huyo alikuwa na mali nyingi kwenye karatasi, lakini mkononi hakuwa na kitu.

Utepe uliomchosha Rowlett

Mashine ya Friedman ilitengenezwa na jeshi likaitumia, lakini utepe wake ulisumbua. Kila kituo kilitakiwa kuwa na nakala ileile. Karatasi zilichanika, na kutengeneza maelfu ya tepe zisizo na mpangilio ilikuwa kazi ya kuchosha kupita kiasi. Kazi hiyo alipewa Rowlett. Katika uchovu wake akapata wazo: badala ya utepe, kwa nini yasiwekwe magurudumu mengine ambayo kazi yake ni kutoa mwendo usiokisika kwa yale ya kwanza? Mashine ijitengenezee ovyo yake yenyewe.

Friedman hakulipenda wazo hilo mara moja, lakini alipolielewa alilikumbatia. Jeshi la majini likaliendeleza, na ikazaliwa mashine iliyojulikana kama SIGABA. Zaidi ya 10,000 zilitengenezwa. Wakati Enigma ya Wajerumani ilikuwa ikisomwa na Wapolandi, kisha Waingereza, SIGABA haijulikani kuwahi kuvunjwa na adui yeyote katika Vita Kuu ya Pili. Huwezi kuhesabu ni askari wangapi walirudi nyumbani kwa sababu ya magurudumu yale.

Kuvunjika kwa mtu

Upande wa pili wa kazi yake ulikuwa kusoma siri za wengine. Kuanzia 1939 wanadiplomasia wa Japani walitumia mashine mpya ambayo Wamarekani waliipa jina la rangi ya zambarau. Kikosi cha Friedman kilihangaika nayo miezi kumi na minane. Septemba 1940 binti mmoja wa hisabati, Genevieve Grotjan, aliona mpangilio uliokuwa umejificha kati ya maandishi. Kikosi kiliunda nakala ya mashine ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona.

Gharama ilikuwa kubwa. Friedman alikuwa haongei na mtu kuhusu kazi yake, hata nyumbani, ingawa mkewe alikuwa na ujuzi uleule. Usingizi ulimkimbia. Januari 1941 alilazwa katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed kwa maradhi ya akili, akakaa karibu miezi mitatu. Maradhi hayo yalimrudia mara kadhaa hadi uzee wake. Kwa watu wa kizazi kile, jambo hilo lilikuwa la kuficha. Leo tunajua kwamba mzigo wa siri nao unaweza kumuua mtu polepole.

Malipo

Wakati Friedman akiishi kwa mshahara wa serikali, rafiki yake Boris Hagelin wa Sweden alikuwa akitajirika. Hagelin aliliuzia jeshi la Marekani haki ya kutengeneza mashine yake ndogo ya mkononi, na nakala zaidi ya 140,000 zilitengenezwa. Yeye alikuwa huru kuuza. Friedman hakuwa huru, kwa sababu mali yake ilikuwa imefungiwa kabatini kwa jina la usalama wa taifa.

Mwaka 1956 Bunge la Marekani lilikubali kumlipa dola 100,000 kama fidia ya biashara ambayo hakuruhusiwa kuifanya. Laurance Safford wa jeshi la majini alilipwa kiasi hichohicho mwaka 1958, na Rowlett mwaka 1964. Hebern, ambaye mashine yake ndiyo iliyofungua njia, alikuwa amekufa mwaka 1952 bila utajiri. Warithi wake waliishtaki serikali, wakaambulia dola 30,000.

Heshima hazikukosekana. Friedman alipewa nishani kubwa mwaka 1946 na nyingine mwaka 1955, mwaka aliostaafu. Lakini mwaka 1958 watu wa shirika lilelile alilosaidia kulijenga walifika nyumbani kwake wakachukua nyaraka kutoka maktaba yake. Baadhi yake zilikuwa maandiko yake mwenyewe ya zamani, yaliyokuwa yakisomwa hadharani kwa miaka mingi. Jambo hilo lilimwuma. Vitabu vilivyobaki aliamua vipelekwe katika maktaba ya George C. Marshall huko Virginia.

Alifariki Novemba 1969 akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Elizebeth alimfuata mwaka 1980. Jiwe la kaburi lao lina maneno kuhusu nguvu ya elimu, na kwa miaka mingi wapita njia waliyasoma wakaenda zao. Mwaka 2017 mtafiti Elonka Dunin aligundua kwamba baadhi ya herufi zimechongwa na vikia na nyingine hazina. Ukizisoma kwa njia ya Bacon, ile iliyowakutanisha wawili hao Riverbank, unapata herufi za kwanza za jina la William Friedman. Mama alikuwa ameficha salamu ya mwisho pale ambapo kila mtu anaiona.

Kilichobaki

Hataza ilipotolewa mwaka 2000, mashine yenyewe ilikuwa kitu cha makumbusho. Kwa sheria ya Marekani, maombi yaliyopelekwa kabla ya Juni 8, 1995 yalipata angalau miaka 17 ya ulinzi tangu siku ya kutolewa. Kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi, uvumbuzi wa mwaka 1933 ungeweza kulindwa hadi mwaka 2017.

Mzozo wa Friedman haukufa naye. Mwaka 2005 watafiti wa kampuni ya Certicom ya Kanada waliomba hataza kuhusu njia ya kutoa namba zisizokisika kwa kompyuta. Katika maombi yao walieleza kwamba anayechagua namba fulani za mwanzo anaweza kujiwekea mlango wa nyuma, akawa anajua namba zote zitakazofuata. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani iliipitisha njia ya aina hiyo itumike, na mwaka 2007 maombi ya Certicom yalichapishwa, kila mtu akaweza kuyasoma. Hata hivyo, ilichukua hadi 2013, baada ya nyaraka za Edward Snowden kutoka, ndipo serikali ikawaambia watu waache kuitumia, na mwaka 2014 ikaiondoa.

Halafu Februari 2020 ikajulikana kwamba kampuni iliyoanzishwa na Hagelin huko Uswisi, Crypto AG, ilikuwa imemilikiwa kwa siri na mashirika ya ujasusi ya Marekani na Ujerumani tangu 1970. Kampuni hiyo iliziuzia nchi zaidi ya 120 mashine za siri, zikiwamo nchi kadhaa za Afrika, na nyingi ya mashine hizo zilikuwa zimelegezwa makusudi. Mapatano ya kwanza kati ya Hagelin na Marekani, katika miaka ya 1950, yalipitia mikononi mwa rafiki yake Friedman. Serikali zililipa fedha nzuri kununua kufuli ambalo ufunguo wake wa pili ulikuwa kwa muuzaji.

Ndiyo maana maisha ya mtu huyu hayaishi kwenye sifa peke yake. Aliijua tofauti kati ya namba iliyofichwa na namba isiyokisika kuliko mtu yeyote wa zama zake, na alitumia ujuzi huo kufunga milango na kuifungua. Mtoto aliyevushwa mipaka mgongoni mwa wazazi aliipa nchi iliyompokea ulinzi ambao haukuvunjwa vitani. Nchi hiyo ilimlipa, ikamvisha nishani, ikachukua karatasi zake, na ikampa cheti chake akiwa hayupo wa kukipokea.

Nasi tunaobaki tuna jambo dogo la kufanya. Anayekuuzia kufuli, muulize nani ameukagua ufunguo. Na namba yako ya siri, msomaji, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.